Tarehe iliyo chini ya grisi

Kadi ya gari ilisema 1965. Namba ya chesesi, iliyogongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia karibu na springi, ilianza na 252 na kuishia na herufi B. Hapo hapakuwa na ubishi: Land Rover ndefu, inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, ya petroli, usukani wa kulia, toleo la Series IIA, imeundwa Solihull huko Uingereza kwa ajili ya kuuzwa nje. Fundi akachovya brashi ya waya kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua ubavu wa kushoto wa injini, pale juu karibu na mdomo wa mbele wa ekzosi. Grisi ya miaka mingi ikashuka nzito kama uji wa ulezi. Zikatokea tarakimu tatu za kwanza: 901.

“Mzee, huyu siyo mtoto wa mama huyu,” fundi akasema.

Tulikuwa gerejini Iringo, mjini Musoma, chini ya mwembe. Mzee mwenye gari alikuwa ameulizwa swali moja tu na mnunuzi wa mbali anayekusanya magari ya zamani: je, injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani? Akajibu ndiyo, kwa moyo mweupe. Sasa chuma kilikuwa kinasema vingine. Namba ya injini inayoanza na 901 ni ya Series III, na Series III haikuingia sokoni mpaka 1971. Injini ilikuwa changa kuliko gari lake kwa miaka isiyopungua sita.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na swali ambalo limenikaa mpaka leo. Karatasi za magari yetu zimelowa, zimeliwa na mchwa, zimepotea kwenye kuhama kwa ofisi. Kilichobaki ni chuma. Je, tunajua kukisoma?

Tunajua nusu. Yeyote aliyewahi kununua tairi kuukuu amefundishwa kuinama na kutafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na mnunuzi alibaki kukisia tairi ni la muongo gani. Mama anayeuza mabeseni sokoni naye, akiligeuza beseni juu chini, ataona duara dogo mithili ya saa: namba 1 hadi 12 pembezoni, mwaka katikati, na mshale unaoelekea kwenye mwezi. Duara hilo hilo lipo kwenye vifuniko vingi vya alumini vya injini za leo. Ni tarehe iliyomo kwenye kalibu, ikazaliwa pamoja na kitu chenyewe.

Injini ya zamani ina namba za aina mbili, na anayezichanganya hupotea tangu mwanzo. Kuna namba ya kusubu na kuna namba ya kugonga. Ya kusubu imetuna, unaisikia kwa kidole hata gizani. Ilipatikana wakati chuma kilichoyeyuka kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,300 kilipomiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Hueleza muundo wa bloku, na viwandani kwingine iliwekewa vibati vidogo vilivyobadilishwa kila siku ili bloku ibebe tarehe ya kumiminwa kwake. Namba ya kugonga imezama ndani. Hiyo iligongwa kwa nyundo na herufi za chuma kigumu baada ya bloku kupoa, kuchongwa na kufungwa pistoni zake. Ya kwanza ni siku ya kuzaliwa, ya pili ni ya kupewa jina.

Wamarekani ndio waliofanya jambo hili liwe wazi kuliko wote. Katika bloku za Chevrolet za miaka ya 1960 na 1970, mwezi ni herufi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba, kisha inafuata siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukikuta C 14 9, bloku ilimiminwa tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 9. Upi? Hapo ndipo namba ya muundo inapoingia. Bloku maarufu yenye namba 3970010 ilianza kutumika 1969 na ikaendelea kwa miaka ya 1970, kwa hiyo ile 9 yaweza kuwa 1969 na yaweza kuwa 1979. Lazima uende mbele ya injini, kwenye kijukwaa kidogo kilichosawazishwa, usome namba ya kugonga. V0326 ni injini iliyofungwa Flint, Michigan, tarehe 26 ya mwezi wa tatu. Ingekuwa ya Tonawanda, New York, ingeanza na T. Herufi za mwisho zinasema injini iliundwa kwa gari la namna gani.

Sheria ya kazi hii ni moja na haina huruma: bloku humiminwa kwanza, injini hufungwa baadaye, gari hutoka mwisho. Kati ya hatua na hatua zaweza kupita siku chache au miezi. Lakini injini haiwezi kuzaliwa baada ya gari iliyomo. Likitokea hilo, kama lilivyotokea Iringo, mjadala umefungwa.

Waingereza, ambao magari yao ndiyo yaliyoijaza Tanganyika, hawakuwa na lugha moja. Land Rover za Series II, zilizoanza 1958, zilificha mwaka ndani ya namba ya chesesi: baada ya tarakimu tatu za aina ya gari ilifuata tarakimu ya mwaka, 8 kwa 1958, 9 kwa 1959, 0 kwa 1960. Series IIA ilipokuja 1961 tarakimu hiyo ikaondolewa, ikaletwa herufi ya mwisho, A, B, C na kuendelea, inayoonyesha awamu ya mabadiliko ya muundo. Herufi hiyo haikupi tarehe kamili. Inakupunguzia uwanja wa kutafuta. Tarakimu tatu za mwanzo nazo zina habari yake: 252 ni gari lililosafirishwa likiwa zima, 253 lilisafirishwa likiwa vipande masandukuni na kuunganishwa kwenye nchi lilikokwenda. Mtu mwenye 253 asitegemee kwamba siku ya kutoka Solihull ndiyo siku gari lake lilipopata kuwa gari.

Ford ya Uingereza ilitumia herufi kwa mwaka, G kwa 1967, H kwa 1968, J kwa 1969, na herufi nyingine kwa mwezi, ila za mwezi hazikufuata mpangilio wa alfabeti na zilikuwa zikizungushwa kila mwaka. Bila jedwali, hata fundi hodari hukwama.

Halafu kuna Austin na Morris. Mtaani tumezoea kuyataja majina hayo kwa pumzi moja, Austin Morris, kana kwamba ni gari moja. Zilikuwa kampuni mbili zenye uhasama wa kibiashara mpaka zilipounganishwa 1952 kuwa British Motor Corporation. Austin A40 za mwanzo, Devon na baadaye Somerset, zilizoundwa kati ya 1947 na 1954, zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,200 ambayo namba yake ilianza na 1G. Baada ya muungano, kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, ukaletwa mtindo mpya unaosomeka kama sentensi: 9M-U-H ni injini ya takriban sentimita 950, ya Morris, gia ya katikati, mgandamizo mkubwa. Ingekuwa ya Austin ungeona A mahali pa M, na ingekuwa ya mgandamizo mdogo, ule uliofaa petroli hafifu, ungeona L mahali pa H.

Naileza habari hii kwa sababu Austin A40 haiko mbali na sisi wa Mara. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yana magari yaliyomhudumia Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyezaliwa 1922: A40 ya enzi za harakati za uhuru, na Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni kisha ikamwendesha yeye. Mtoto wa shule akisimama mbele ya magari hayo anaelezwa nani aliyakalia. Ningetamani pia aelezwe kilichoandikwa kwenye chuma chake. Rolls-Royce ilifungua faili kwa kila chesesi iliyoiunda, na faili hizo zimehifadhiwa Uingereza na klabu ya wapenzi wa magari hayo. Kwa magari ya kawaida zaidi kuna jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, linaloshika vitabu vya viwanda vingi vya Kiingereza, Land Rover ikiwemo. Kwa namba ya chesesi mwenye gari anaweza kupewa cheti chenye tarehe ya kuundwa, tarehe ya kutoka kiwandani, rangi ya kwanza, na namba ya injini iliyofungwa siku ile.

Tarehe ya kutoka kiwandani na tarehe ya kukanyaga Musoma ni vitu viwili tofauti kabisa. Gari halikuja huku kwa barabara ya lami. Njia moja ilipita Mombasa, likapanda treni mpaka Kisumu, ambako reli ilifika ziwani 1901, kisha likavushwa kwa meli. Njia nyingine ilipita Dar es Salaam na Tabora mpaka Mwanza, reli ilikofika 1928, na huko nako likasubiri chombo. Aliyetaka kuendelea Tarime alifika Mto Mara akasubiri kivuko cha Kirumi, maana daraja lilikuwa halijajengwa. Kwa hiyo bloku iliyomiminwa mwezi wa tatu ingeweza kusajiliwa hapa mwaka unaofuata, bila hila ya mtu yeyote. Kadi nyingi za zamani zimeandika mwaka wa usajili, na wenye magari wanauapia kuwa ndio mwaka wa kuundwa. Nimesikia mabishano ya wazee juu ya mwaka mmoja huo, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Ndiyo maana mchunguzi mzuri hategemei namba moja. Huzunguka gari zima akitafuta mashahidi. Dinamo, stata na distributa za Lucas, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, ziligongwa tarehe kwenye ganda. Vioo vya Triplex vilitumia nukta zilizowekwa kwenye herufi za jina, na mahali pa nukta ndipo panapotaja sehemu ya mwaka na mwaka wenyewe. Gari ambalo injini, dinamo, kioo na chesesi vyote vinakubaliana ndani ya miezi michache ni nadra huku, na mtu akilipata asilipeleke kwa mpiga rangi kabla ya kuliandika.

Tatizo ni kwamba chuma nacho kinaweza kulishwa uongo. Ughaibuni gari lenye injini yake ya kwanza huuzwa kwa bei ya juu sana kuliko ndugu yake aliyebadilishiwa. Pale penye tofauti hiyo pametokea watu wa kusaga namba kwa mashine na kugonga nyingine. Wanaojua kazi huangalia uso wenyewe. Mashine ya kiwandani iliposawazisha bloku iliacha mistari myembamba iliyonyooka, na namba ikagongwa juu yake. Ukikuta namba safi kwenye uso laini kama sahani, shtuka. Ukikuta tarakimu za maumbo tofauti, au moja imezama kuliko wenzake, shtuka pia, ingawa wafanyakazi wa viwandani nao waligonga kwa mkono na hawakuwa malaika. Polisi wa uchunguzi wana dawa za tindikali zinazoweza kuirudisha namba iliyosagwa, kwa kuwa nyundo haikuacha alama juu tu. Ilikigandamiza chuma hadi chini ya kina cha namba, na tindikali hukila chuma kilichogandamizwa tofauti na kile cha kando yake.

Lakini sitaki msomaji adhani kila namba iliyopotea ni wizi. Injini iliyounguza gasketi hupelekwa kwa mchonga vyuma, uso wa juu wa bloku unasawazishwa, na kwenye aina ambazo namba imegongwa juu ya uso huo, kama zile Chevrolet, historia yote inaondoka na chembe za chuma sakafuni. Fundi alikuwa anaokoa safari ya mtu, na mwenye gari alishukuru.

Hapo narudi kwa mzee wetu wa Iringo na ile 901. Alipotulia, akakumbuka. Gari alilinunua 1979. Injini ilipasuka bloku miaka miwili baadaye, na hakukuwa na mahali pa kupata nyingine. Anayeishi Mara leo, anayekwenda mpakani Sirari asubuhi na kurudi na spea mchana, anaweza kusahau miaka ile ilikuwaje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa Dar es Salaam hilo lilikuwa jambo la siasa. Kwa Musoma lilikuwa duka lililofungwa, kwa maana Kisumu na Nairobi ndiko vilikotoka vifaa tangu enzi za meli. Oktoba 1978 Idi Amin akaivamia Kagera, vita vikaendelea mpaka 1979, na magari ya raia yakaingizwa kwenye kazi ya kubeba askari na mizigo. Mengine hayakurudi, mengine yalirudi yamechoka. Fedha za kigeni zikakauka, petroli ikawa ya mgawo.

Katika hali hiyo mafundi wa kanda hii walifanya kazi ambayo hakuna chuo kilichowafundisha. Injini ya gari lililopinduka ilihamia kwenye gari lililozimika. Land Rover za petroli zilifungwa injini za dizeli za Isuzu, Nissan na Toyota, kwa vikalio vilivyochomelewa papo hapo. Gia boksi ya huku, klachi ya kule. Injini ya mzee ilitoka kwenye Series III iliyogongwa hadi haifai, na ilivutwa kwa kamba chini ya mti, kwa mikono ya watu. Kwake lilikuwa tengenezo tu, kama kubadilisha pamba ya mafuta. Ndiyo maana alipoulizwa alisema injini ni ile ile. Ilikuwa imemtumikia zaidi ya miaka 40. Ile ya kiwandani haikumfikishia hata robo ya muda huo.

Wakusanyaji wa magari wana neno lao kwa injini ya namna hii: si halisi. Nalielewa, na katika soko lao wana haki ya kuulizia. Kwangu mimi, mwana wa mkoa huu, 252 yenye 901 tumboni ni kumbukumbu kamili ya Mara ya mwanzo wa miaka ya 1980 kuliko gari lililokaa miaka yote kwenye banda lenye kiyoyozi. Inasimulia mpaka uliofungwa. Inasimulia akili ya fundi. Sharti ni kwamba isemwe kama ilivyo. Anayeisaga ile 901 na kugonga namba ya kubuni anamdanganya mnunuzi, na papo hapo anafuta ushahidi wa kazi ya mafundi wetu wenyewe.

Na kuna haraka. Tangu 2003 kumekuwa na Safari Rally ya magari ya zamani inayoanzia Kenya, kuwakumbuka madereva wa mashindano yaliyoanza 1953, akiwemo Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyeshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Hamu hiyo imewafanya watu watafute mabaki ya 404, Datsun na Escort katika kila mji wa Afrika Mashariki, na mengi yanaondoka bila kuandikwa popote. Yasiyoondoka hivyo hupakiwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Bloku ya chuma cha kusubu ni nzito, hivyo inawalipa. Hupimwa kwa kilo, huvunjwa kwa nyundo, na tarehe yake huyeyuka kabla mtu hajaisoma. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999. Sioni kwa nini yasiwe na daftari moja tu, la namba za chesesi na injini za magari ya zamani yaliyobaki Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na masimulizi ya wenye magari. Mtu mmoja mwenye brashi ya waya, tochi na subira angelijaza kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Siku ile gerejini mzee hakusubiri daftari la mtu. Aliomba karatasi kutoka kwa mjukuu wake aliyekuwa ametoka shule, akaikandamiza juu ya namba iliyosafishwa, akapitisha penseli ikiwa imelala, polepole, kama wanavyofanya wakaguzi wa magari. Tarakimu zikajitokeza nyeupe kwenye weusi wa risasi ya penseli, moja baada ya nyingine. Akaipuliza karatasi, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: ILIFUNGWA MUSOMA, 1981. Kisha akamwomba fundi amtajie majina ya wote walioshika kamba siku ya kuifunga injini hiyo, aliokuwa anawakumbuka.